Doa la Oili Chini ya Gari la Baba

Mama alizoea kusema kwamba udadisi wangu utanitoa jicho. Mara ya kwanza alisema hivyo nilipofungua cherehani yake nione uzi wa chini unakutana vipi na wa juu, kisha nikashindwa kuirudisha. Mara ya mwisho nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, nimelala chali chini ya gari la baba nyumbani kwetu Mkolani, kanga nimeifunga juu ya suruali ya kaka yangu, natazama tone la oili likijikusanya kwenye kitako cha gia boksi. Lilichukua muda mrefu kudondoka. Muda nilikuwa nao.

Shirika ambako nilikuwa mpiga chapa lilikuwa limeuzwa, nasi tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri barua. Miaka ile nusu ya watu niliowafahamu Mwanza walikuwa wanasubiri barua. Wenye akili waliacha kusubiri, wakaingia kwenye viwanda vya minofu ya samaki au wakafungua vibanda vya mitumba na maduka ya spea kutoka Dubai. Mimi niliendelea kusubiri, na kwa kuwa siwezi kukaa bila kuchokonoa kitu, nikaanza kulichokonoa gari.

Lilikuwa gari la Kifaransa, refu kwa nyuma, limeundwa kabla sijazaliwa. Baba alilipata kwa mtaalamu mmoja wa pamba aliyekuwa anarudi kwao, enzi hizo baba akiwa bwana shamba. Mjini kulikuwa kumeshajaa magari ya Kijapani yenye vioo vya kupandisha kwa kubonyeza, lakini baba aliyaita masufuria. Lake lilikuwa gari. Alilifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kunywa chai, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kufunga mlango wake kwa nguvu.

Na gari hilo lilikuwa na fundi mmoja tu. Alikuwa Mkerewe mpole, mdogo kwa baba kwa miaka michache, aliyewahi kuwa fundi mkuu kwenye gereji ya chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, chama kikayumba, gereji ikafungwa na magari yake yakabaki juu ya mawe. Fundi akahamishia spana zake uani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akachimba shimo la kufanyia kazi chini ya magari, maisha yakaendelea. Urafiki wake na baba ulikuwa umepita miaka ishirini. Sisi tulisali Jumamosi, na kanisani kwetu kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, watu huoshana miguu wawili wawili, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Baba na fundi walioshana wao kwa wao tangu sijajua kusoma. Sisi watoto tulikuwa tukitaniana kwamba maji ya beseni la fundi yanafaa kulainishia bawaba za milango.

Uvujaji ulianza mwaka wa zile mvua kubwa, ziwa lilipopanda na kumeza bustani za watu. Baba alikuwa na shamba la pamba ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa hiyo kila wiki alivuka na pantoni pale Kigongo. Siku moja aliporudi tukaona doa jeusi chini ya gari, kubwa kama sahani. Fundi akaliangalia, akasema sili ya nyuma imechoka. Sili ni pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili unapozunguka. Akaibadilisha, na wiki iliyofuata likavuja tena. Akasema basi na ya mbele nayo, akaishusha gia boksi nzima, kazi ya siku mbili, akaweka sili zote mpya. Likavuja. Klachi ikaanza kuteleza kwa kulowa oili. Mara ya tatu baba alizunguka mwenyewe mjini kutafuta sili, kwa sababu kila mtu alikuwa anasema vitu vya siku hizi ni feki, boksi la Ulaya na mpira wa kandambili. Akapata alizoambiwa ni halisi, akamkabidhi fundi mkononi. Likavuja.

Baba si mtu wa kupayuka. Ingekuwa afadhali angepayuka. Badala yake, Jumamosi moja baada ya ibada, wanaume wamesimama nje wakiulizana habari za mashamba, mmoja akamuuliza gari linaendeleaje. Baba akajibu kwa sauti yake ya enzi za ubwana shamba, ya kutangaza mazao:

"Sili nzuri nanunua. Sijui kama ndizo zinazoingia kwenye gari langu."

Fundi alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale. Alivaa kofia yake, akaondoka kwa miguu.

Kwenye Meza ya Bwana iliyofuata, baba alichukua beseni akaenda kwa mtu mwingine. Fundi akabaki amekaa kwenye benchi, taulo begani, viatu ameshavua, hadi mzee wa kanisa alipomwonea huruma akaja kumwosha yeye. Kuanzia siku hiyo uani kwake kukawa kweupe. Maneno ya bwana shamba yalikuwa na uzito Mkolani, na fundi anayesemekana kubadilisha spea za watu hapewi hata baiskeli. Baba akalipeleka gari kwenye gereji mpya kule Nyakato, yenye mashine ya upepo na vijana waliovaa sare. Wakabadilisha sili. Likavuja. Baba akasema yule wa kwanza ameshauharibu mhimili. Nilimwangalia baba yangu akisema hivyo na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mdogo. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Mke wa fundi ndiye aliyetuambia mengine, kisimani: ikipita Meza nyingine wakiwa hivihivi, mumewe atafunga spana zake arudi Ukerewe. Huko hakuna magari ya kutosha kumlisha hata kuku. Ilikuwa imebaki wiki tano.

Siwezi kudai nilifanya yaliyofuata kwa wema mtupu. Nilimpenda yule mzee, kweli, na nilikuwa nimemkasirikia baba. Lakini zaidi ya yote kulikuwa na swali linaloniwasha kama upupu: sili zimebadilishwa mara nne, mafundi wawili, na oili ileile chini. Mtu mmoja anaweza kuwa mwizi. Je, na wale wa Nyakato?

Nikaenda kwa muuza duka nikaomba maboksi matupu ya sabuni. Nikayakunjua, nikawa natandika moja chini ya gia boksi kila gari linapoegeshwa, na kesho yake nalitoa, naandika pembeni kwa kalamu gari lilikwenda wapi. Kanisani na kurudi. Sokoni. Kigongo. Baba aliniuliza kama shirika limenirudisha kazini, nikamwambia ndiyo, idara ya madoa. Baada ya wiki mbili nikayapanga yote ukutani jikoni, mama akalalamika kwamba jiko lake limegeuka gereji, lakini hata yeye alipotulia akaona. Siku za kanisani na sokoni, boksi safi. Siku za Kigongo, na ile moja ya Kisesa alipokwenda mazishini, doa kubwa kama sahani.

Kama mpira umechoka, utavuja hata gari likienda sokoni. Hilo lilinitoa usingizini. Gari lilikuwa linachagua safari.

Nikayabeba maboksi kwapani hadi kwa fundi. Nilimkuta amekaa juu ya ringi ya tairi, anafuta spana ambazo tayari zilikuwa safi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza habari za mama tu. Hakumtaja baba. Nikamtandikia maboksi yangu mbele ya miguu. Aliyatazama, akasema safari ndefu maana yake joto, na oili ikipata joto inakuwa nyepesi. Nikamuuliza mbona magari mengine yanakwenda hadi Musoma na hayajikojolei njiani. Akacheka kidogo. Nikamuuliza kama amewahi kuifungua gia boksi ile ikiwa ya moto, imetoka safari. Akasema hapana, nani afungue oili ya moto aungue mikono, gari hulazwa, linafunguliwa asubuhi likiwa limepoa. Nyakato nao wangefanya vivyo hivyo. Ndivyo kila fundi anavyofanya.

Nikamwambia basi tulifungue la moto. Akasema haligusi tena gari la mtu aliyemwita mwizi bila mwenyewe kuomba. Nilimwelewa. Nikaondoka na maboksi yangu.

Ila Mungu hamtupi mchokonozi. Siku chache baadaye baba alishikwa na mgongo, akanituma mimi Kigongo kumpokea shangazi na magunia yake mawili ya mihogo. Nilijua kuendesha, tena vizuri, ingawa baba alinipa maelekezo kama ninayerusha ndege. Shangazi akashuka pantoni, maji pale gatini bado yakifika katikati ya magurudumu ya magari yanayopanda, nikampakia, nikarudi kwa mwendo wa kumfanya asali njia nzima. Nilipofika Mkolani sikukata kona ya kwetu. Nikaingiza gari uani kwa fundi, shangazi na mihogo ndani, nikazima.

Nikamwambia fundi kwamba baba hajaomba, ni mimi ninayeomba, na shangazi ni shahidi. Shangazi alikuwa hajui anashuhudia nini, lakini akatikisa kichwa kukubali. Fundi aliligeukia gari. Gari lilikuwa linatoa ule mlio wa chuma kinachopoa, tik, tik. Nadhani hamu ilimshinda. Fundi wa kweli haachi mlio umpite. Akachukua spana, akaingia shimoni, nami nikamfuata na kanga yangu nzuri ya safari.

Alinisogeza pembeni kwa kiwiko, akalegeza nati ya ubavuni ambako oili huongezewa. Kabla haijatoka yote, gia boksi ikatoa pumzi. Pssss, ndefu, na oili ikamrukia kwenye kifundo cha mkono. Hakuufuta. Alibaki ameshika nati hewani, akiisikiliza ile pumzi hadi ikaisha.

Nikamwambia fundi kwamba mama akijaza chupa ya chai nusu tu na kuifunga wakati chai inachemka, kizibo huruka chenyewe.

"Pua imeziba," akasema fundi. "Ina pua yake juu, mwanangu. Joto likizidi, upepo unatokea pale. Ukikosa pa kutokea unaisukuma oili kwenye sili, na hapo hata uweke sili ya dhahabu."

Akaniambia kwamba pua hiyo aliiona kila aliposhusha gia boksi, kijibomba kidogo chenye kofia ya bati, na kofia ilikuwa mahali pake, safi, ikichezacheza kama inavyotakiwa. Hakuwa na sababu ya kuivua. Tukapanda ndani ya gari, tukamwomba shangazi ainue miguu, tukalivua lile vazi la ngozi linalozunguka mkono wa gia. Kwa chini, ukiingiza mkono, unaigusa. Fundi akaivua kofia kwa koleo, akachungulia kwa tochi, kisha akachukua sindano ya kushonea magunia na kuvuta kitu, taratibu.

Ilikuwa pamba. Nyuzi mbili zimesokotwa zikabana, zimepakwa nta, zimeshindiliwa ndani ya kijibomba kwa ustadi hivi kwamba kofia ilikaa juu yake bila kuonyesha kitu. Fundi aliiweka kiganjani. Sote watatu tuliitambua, hata shangazi, yeye hasa. Babu yetu alikuwa mjenzi wa mitumbwi kule Majita, na hivyo ndivyo alivyoziba nafasi kati ya mbao na mbao maji yasiingie: pamba nyuzi mbili, msokoto wa kulia juu ya kushoto, nta, na mpini wa kisu kushindilia. Wanawe wote walilelewa wakisokota.

"Ya baba," alisema shangazi, akimaanisha babu, kisha akajisahihisha, akimaanisha baba yangu. "Ya kaka."

Fundi akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Alianza kucheka bila sauti, halafu akaacha. Akanisimulia kwamba mwanzoni mwa zile mvua baba alimletea gari, oili ya gia imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji ya pale gatini yalikuwa yamepanda hadi yakaingia kwa pua hiyohiyo. Akaimwaga, akatia oili mpya, na kwa kuwa walikuwa wamezoeana akamtania mbele ya watu: mtoto wa mjenzi wa mitumbwi, chombo chako kinaingiza maji. Watu walicheka sana. Baba naye alicheka.

Kumbe hakucheka. Alikwenda nyumbani akakiziba chombo chake. Kwa jinsi alivyonyamaza wakati wote ule, niliweza kumwona kabisa: akingoja siku fundi atakapoifungua gia boksi, akute oili safi baada ya safari zote zile za maji, ashangae, ndipo amwambie. Na ilipofunguliwa oili ilikuwa safi kweli, ila macho yote yalikuwa kwenye uvujaji. Tone la maji halikuingia. Oili ndiyo iliyokuwa inatoka tu.

Nilitaka kwenda moja kwa moja nyumbani nikamtupie baba ile pamba mapajani. Fundi akanizuia. Akasema nimwambie kwamba amebadilisha sili, na safari hii imekubali. Gari likiacha kuvuja watu watanyamaza wenyewe. Mtu mzima havuliwi nguo, alisema. Nilimwambia yeye amevuliwa, tena kanisani, viatu mkononi. Akafunika mkono wa gia kwa lile vazi la ngozi, akafunga skrubu zake moja moja. Lakini pamba aliniachia.

Nyumbani niliiweka kwenye kisosi, mezani, karibu na chupa ya chai. Baba alikuja akijishika mgongo, akakaa, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukasimama. Aliichukua ile pamba kwa vidole viwili. Akauliza imetoka wapi, ingawa alijua. Nikamwambia juu ya gia boksi, chini ya kofia, na kwamba pale ndipo upepo wa moto unapotokea. Nilieleza vizuri, kwa heshima, kama nilivyoelezwa. Akauliza nani ameona.

"Mimi, shangazi na fundi."

"Fundi amesemaje?"

"Amesema nikwambie amebadilisha sili."

Baba aliiacha chai yake. Mama alipokuja kuiondoa ilikuwa imeganda utando juu.

Wiki mbili zilizobaki hakusema neno. Alikwenda Kigongo mara mbili, na mara zote asubuhi yake nilimkuta ameinama, mgongo na maumivu yake, akivuta mwenyewe boksi la sabuni kutoka chini ya gari. Lilikuwa safi. Aliligeuza upande wa pili, akalitazama na huko. Nilingoja aende nyumba ya tatu. Hakwenda. Nikasikia fundi ameagiza mbao za kutengenezea kasha la spana, nikamchukia baba siku mbili nzima, chuki ya kweli, ya kushindwa kula naye.

Jumamosi ya Meza, wanawake tuliosha miguu ndani ya kanisa na wanaume nje, kwenye mabenchi chini ya ukuta wa dirisha. Nilimchagua bibi mmoja mzee anayekaa dirishani, na sikumchagua kwa upendo. Nilipiga magoti mbele ya beseni, shingo nimeigeuza nje.

Fundi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kama mara ile. Baba alijaza beseni kwenye pipa, akalibeba kwa mikono miwili, akapita wanaume wote. Alipofika kwa fundi hakuinama. Alisimama, akaweka beseni chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ile pamba, akainyanyua wote waione.

"Ndugu zangu," alisema, kwa ile sauti ya mazao. "Mlinisikia nikisema habari za sili. Sili zilikuwa nzima, zote. Niliyeziba gari langu ni mimi, kwa mkono wangu, kwa hii. Huyu hakuniibia kitu. Mimi ndiye niliyemwibia jina lake."

Kisha akapiga magoti. Kwa mgongo ule ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaushika mguu wa fundi, akauingiza majini, akaanza kusugua ule weusi wa kwenye kucha ambao miaka ishirini ya maji haikuutoa. Alisugua kama mtu anayetaka kuumaliza wote siku hiyo. Fundi alikuwa ametazama juu ya kichwa cha baba. Ndipo akainama, akaichukua ile pamba kutoka kwenye mkono wa baba uliolowa, akaigeuzageuza.

"Kaka," alimwambia, kwa sauti ya chini, lakini dirisha lilikuwa wazi. "Uliziba vizuri. Mzee wako angekusifu."

Baba akaweka paji la uso kwenye goti la fundi, mabega yake yakawa yanacheza. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Nikagundua kwamba nimeushika mguu wa yule bibi kwa mikono miwili na sijaumwagia hata tone. Alikuwa ameniangalia muda wote, na nje hakuhitaji kuangalia, alikuwa amesikia.

"Nioshe, mwanangu," akasema. "Maji yanapoa."